UFAFANUZI KUHUSU RAMANI ZA MTIRIRIKO WA MAJI YA MVUA

Wananchi wa Pemba wanafahamishwa namna kompyuta inavyoweza kukadiria ni kiasi gani cha maji ya masika kitazama ardhini, na ni kiasi gani kitateremka vilimani hadi katika mabonde ya mpunga.

Kazi hiyo huhitaji mambo matatu. La kwanza ni urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, ambao huonesha maji yanaelekea bonde lipi. Vipimo vyake vilichukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi wa Februari, 2000. La pili ni aina ya udongo: kichanga hunywa maji, kinamo huyakataa. La tatu ni kilichoota au kujengwa juu ya udongo huo. Picha za ndege zisizo na rubani, zilizoanza kupigwa Unguja na Pemba mwaka 2016, huonesha hata mapaa ya nyumba.

Mtaalamu huandika maagizo ya hesabu mara moja, na kompyuta huyatekeleza katika kila kipande cha ardhi bila ya upendeleo. Kila kipande hupewa namba isiyozidi 100, kwa kanuni iliyotungwa na Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Namba ikiwa kubwa, maji yanayoteremka huwa mengi.

Kwa mfano, udongo unaonywa maji kwa wastani hupewa 60 ukiwa chini ya miti, na 86 ukiachwa mtupu. Ikinyesha mvua ya milimita 80, penye miti zitateremka milimita 10 hivi. Palipo wazi, zaidi ya 45. Katika shamba la eka tatu, kama yale waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, tofauti hiyo inapita lita 420,000. Maji hayo huchukua na udongo wa juu, na mwenye mpunga bondeni ndiye anayeyapokea.

Hata hivyo, ramani isichukuliwe kuwa ni hukumu. Vipimo hivyo vya urefu ni vya miraba ya mita 30 kwa 30, na eka tatu ni miraba kama 13 tu. Mtaro au tuta la mkulima halionekani humo. Kwa hivyo, wapimaji wanapofika shehiani, Masheha na wakulima wanaombwa kuwaonesha njia za maji wanazozijua.

Mvua na aina ya udongo hazimo katika uwezo wetu. Kilichomo ni kile tunachokiacha kiote juu yake.