Wauguzi na tiba ya magonjwa ya zinaa nchini Tanzania

Wauguzi nchini Tanzania wana nafasi kubwa katika kinga na tiba ya magonjwa ya zinaa, kama vile kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi. Katika vijiji vingi, vikiwemo vya Milima ya Upare, muuguzi wa zahanati ni kati ya wahudumu wa kwanza kukutana na mgonjwa. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, mgonjwa hupewa rufaa kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya na, ikibidi, KCMC mjini Moshi.

Kazi zao

Pasipo na maabara ya kutosha, tiba hufuata dalili. Mwenye usaha katika njia ya mkojo au kidonda sehemu za siri hupewa siku hiyohiyo dawa za vimelea ambavyo kwa kawaida husababisha dalili hiyo. Muuguzi humshauri amalize dozi, asifanye ngono mpaka apone, na amlete mwenzi wake atibiwe. Vinginevyo wataambukizana tena.

Katika kliniki ya wajawazito, muuguzi hupima kaswende kwa tone la damu. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni. Sindano ya benzathini penisilini humtibu mama na kumkinga mtoto.

Utafiti wa Mwanza

Kati ya 1991 na 1994, utafiti ulifanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika 6 kati ya hizo, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa tiba ya kufuata dalili, wakapatiwa dawa na kutembelewa na wasimamizi. Matokeo yaliyotolewa 1995 yalionyesha kuwa huko maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban 40% kulingana na jamii nyingine. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliowapa watu wote dawa kwa vipindi, haukuonyesha upungufu huo.

Changamoto

Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili, hivyo tiba ya kufuata dalili huwakosa.

Kijijini, muuguzi mara nyingi ni jirani au ndugu wa mgonjwa. Anayeogopa siri yake kutoka hukaa na ugonjwa, au hununua dawa dukani bila kupimwa, na matumizi holela ya dawa huchangia usugu wa kisonono. Kwa sababu hiyo, kutunza siri si adabu ya kazi tu, bali ni sehemu ya tiba yenyewe.