Mtoto na Mtu Wake

Leo tunasema habari za mtoto mdogo. Baba, usiondoke ukasema somo hili ni la akina mama. Kaa usikilize.

Wewe unayekaa Ifakara, Mang'ula au Mngeta unaijua kazi ya mpunga. Mvua zikianza, watu huhamia mashambani bondeni. Hulala dunguni, hulima, hupanda, hupalilia, huamia ndege mpaka mavuno. Hiyo ni miezi, si siku. Mtoto mdogo je? Mwingine huenda mgongoni mwa mama yake. Mwingine ameachishwa ziwa juzi tu, naye hupelekwa kwa bibi. Bibi akiugua, hupelekwa kwa shangazi, kisha kwa jirani. Anakula, anaogeshwa, na mizani ya kliniki yasema ni mzima. Lakini liko jambo ambalo mizani haipimi.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto akifika miezi 7 au 8 huwa amekwisha kumchagua mtu wake. Mtu huyo akitoka, hulia. Mgeni akiingia, hushika kanga ya mtu wake. Watu husema anadeka. Hadeki! Mtazame anapotambaa kufuata kuku: huenda kidogo, hugeuka kutazama kama mtu wake yupo, kisha huenda mbali zaidi. Ndivyo anavyojifunza dunia.

Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alizungukia nyumba 26 zenye watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda. Alitaka kujua mtoto hupatwa na nini akiachishwa ziwa, maana desturi ya zamani ya Waganda ilikuwa kumpeleka kwa bibi yake ili alisahau ziwa. Akakuta wengi wamekwisha kuiacha desturi ile. Lakini aliona jambo lingine. Mama aliyeweza kueleza kwa urefu mambo madogo madogo ya mtoto wake, huyo ndiye mara nyingi mtoto wake alikuwa ametulia. Na watoto wengine walishikamana na baba au bibi pia. Basi si lazima awe mama peke yake.

Na asipokuwapo mtu hata mmoja? Katika nchi ya Romania serikali ilikuwa imejaza watoto maelfu katika nyumba za kulelea, walezi wachache wakipokezana zamu. Serikali ile ilianguka mwaka 1989, na dunia ikaona. Tangu mwaka 2000 wataalamu waliwafuata watoto 136 wa nyumba hizo. Nusu yao, kwa kura, walipewa jamaa za kuwalea. Waliobaki walichelewa kusema na kuelewa. Wengine walimfuata mgeni yeyote, wakaenda naye bila kugeuka nyuma. Sisi tungesema, "Mtoto mchangamfu huyu!" Kumbe hana mtu wa kumgeukia. Waliopata jamaa kabla ya miaka 2 walipona vizuri kuliko waliochelewa.

Hata kwetu Tanzania, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa yatima waliotiwa katika nyumba za yatima kabla ya kufika miaka 5 walikuwa na taabu nyingi za moyo kuliko waliotiwa wakiwa wakubwa.

Mimi simlaumu mama anayekwenda shamba. Bila mpunga nyumba haili. Wala bibi si nyumba ya yatima. Bibi mmoja anayemjua mtoto, na asiyebadilishwa kila mwezi, ni mtu wa kutosha. Taabu ni kumzungusha mtoto kama jembe la kuazima. Basi kabla ya kuondoka, kaa pamoja nao kwa bibi siku chache, mtoto azoee. Usimtoroke akiwa usingizini. Muage, hata akilia. Mwachie kanga yako alalie. Katikati ya msimu, baba au mama mmoja apande baiskeli aje amwone.

Na ukirudi na magunia yako, mtoto akageuza uso asikutazame, usiseme amekuchukia. Kaa chini karibu naye, ungoje.

Sasa zimeni redio, mmweleze mwalimu wenu: nyumbani kwenu, mtoto wa miezi 10 akiamka usiku akalia, humtaka nani?