Kisanduku Kinapogeuka Kijani

Kila mwezi vituo vya afya vya wilaya ya Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujaza ripoti kwenye karatasi: waliougua malaria, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua. Karatasi hizo hupelekwa kwa pikipiki, pengine kwa miguu, hadi ofisi kuu ya zoni ya afya, BCZ kama kila mtu anavyoiita. Hapo mtu hufungua kivinjari na kuingiza tarakimu moja moja katika DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Wizara ya Afya ya Kongo inautumia nchi nzima. Anaandika 37, anahamia kisanduku kinachofuata, na kile cha kwanza kinageuka kijani: imehifadhiwa. Mtandao ukiwepo. Mara nyingi huondoka bila kuaga.

Mwandika programu aliyeko Oslo au Nairobi hayaoni haya, kwani kwake kisanduku ni kijani siku zote. Ndiyo maana nikiulizwa ni chombo gani kitumike kuendesha kivinjari chenyewe ili kujaribu programu za wavuti, nami huuliza: je, kinaweza kukata mtandao kati ya 37 na kijani, kisha kikatazama kilichotokea?

Kazi ya vyombo hivi ni moja. Hufungua ukurasa, huandika, hubonyeza na kukagua, mara mia kwa usiku mmoja, bila kuomba chai. Mzee wa ukoo ni Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks, Chicago. Jina lake ni utani: madini ya seleniamu husemwa kuwa dawa ya sumu ya zebaki, na mshindani wa wakati huo aliitwa Mercury, yaani zebaki. Lugha yake ya kuamrisha kivinjari, WebDriver, ilifanywa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018, kwa hiyo vivinjari vyote vikubwa vinaielewa. Cypress ilikuja na wazo jingine, la kukaa ndani ya kivinjari bega kwa bega na programu inayojaribiwa. Ni raha kwa anayeandika JavaScript. Mwenzangu wa Python hana lake hapo. Kisha Microsoft ikatoa Playwright mwaka 2020, kazi ya watu waliokuwa wametengeneza chombo kama hicho, Puppeteer, kule Google.

Tofauti inayouma iko katika kusubiri. Ukurasa hauji wote kwa mkupuo, na kitufe huweza kuonekana kabla hakijawa tayari. Kwa Selenium, subira kwa kawaida huipanga mwenyewe. Nami nimewahi kuandika "ngoja sekunde 3" nikaenda zangu kulala. Jaribio likawa kigeugeu: asubuhi linapita, jioni linaanguka, na kilichobadilika ni kasi ya mashine tu. Kigeugeu ni kibaya kuliko kutokuwa na jaribio, maana wiki ya pili timu nzima imeshazoea kukipuuza. Playwright na Cypress husubiri zenyewe. Kabla ya kubonyeza, Playwright hukagua kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijazimwa, wala hakijafunikwa na kitu.

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ulikuwa na majaribio ya Selenium. Toleo la 3 lina ya Playwright. Wenzao wa DHIS2 wanatumia Cypress katika baadhi ya programu zao. Sioni ugomvi hapo.

Kwa Walikale, hata hivyo, ningechukua Playwright. Kukata mtandao wa kivinjari kizima ni amri ya mstari mmoja. Cypress inaweza kuangusha maombi yanayokwenda kwenye seva, lakini kukikatia kivinjari chote mtandao kunataka kuzunguka mlango wa nyuma. Bei yake ipo: kwa kawaida Playwright hupakua vivinjari vyake yenyewe, mamia ya megabaiti, na anayenunua intaneti kwa vocha Goma atalisikia hilo mfukoni. Selenium hutosheka na kivinjari kilichomo tayari kwenye mashine.

Mstari mwingine wa Playwright huweka ukanda wa saa. Kongo ina saa mbili, na Kivu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Walikale ikiwa saa sita na nusu usiku, tarehe 1, Kinshasa bado ni saa tano na nusu, tarehe 31. Mfumo unaofunga ripoti saa sita usiku utamwambia karani wa BCZ kwamba amechelewa, au kwamba bado ana nusu saa, kutegemea unasoma saa ya nani. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza lingekuwa hili: weka saa ya Africa/Lubumbashi, yaani ya mashariki mwa Kongo, andika 37, kata mtandao, hamia kisanduku kingine, funga ukurasa, rudisha mtandao, fungua tena. Halafu tazama kama 37 ipo, na kama kijani kile kilisema kweli.