Mshahara wa zamani Upareni: Upimwe kwa kilo za sembe, si kwa tarakimu

Na Mwandishi Wetu, Same

KATIKA magulio ya Wilaya ya Same, kuanzia Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu hadi vijiji vya milimani, wazee husema kwamba zamani mshahara ulikuwa mdogo lakini ulitosha. Vijana huwajibu kwamba shilingi mia sita haziwezi kumtosha mtu kwa lolote. Wote wana haki, kwa sababu kila upande unatumia kipimo chake. Kwa mwajiri anayepanga malipo ya vibarua na kwa mfanyakazi anayetia sahihi mkataba, tofauti ya vipimo hivyo ni suala la fedha.

Jembe kabla ya rupia

Kabla ya sarafu kuenea, fundi wa Upareni alilipwa kwa vitu. Huko Ugweno, kaskazini ya milima, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na chuma cha Wapare kilifika kwa majirani zao Wachagga na Wamasai. Mhunzi aliyepokea mbuzi kwa kazi yake hakuhitaji kuuliza thamani ya malipo hayo. Mbuzi alikuwa mbele yake.

Mambo yalibadilika utawala wa Wajerumani ulipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898. Nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kadiri kodi hiyo ilivyodaiwa kwa sarafu, mwenye migomba, mbuzi na maharage lakini asiye na rupia alilazimika kuuza mali au kuuza nguvu zake.

Wanunuzi wa nguvu hizo walikuwa wanasogea. Mkonge ulikuwa umeletwa nchini na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Buiko mwaka 1909, na mwaka 1912 treni zilikuwa zinafika Moshi kwa kupita tambarare ya Same. Mashamba ya mkonge yakafuata njia hiyo ya reli.

Kipande cha siku 30

Anayesoma kiwango cha mshahara wa shamba la mkonge enzi za Mwingereza anapaswa kuuliza kwanza: mwezi gani? Mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyougua au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. Alilipwa kipande kilipojaa, si kalenda ilipogeuka.

Chukua mfano wa hesabu. Mtu aliyeandikiwa Sh. 30 kwa kipande, akakijaza kwa siku 45, kwa kweli alipata Sh. 20 kwa kila siku 30. Karani au mfanyakazi wa reli aliyeandikiwa Sh. 30 hizo hizo kwa mwezi wa kalenda alimzidi kwa nusu, ingawa kwenye vitabu wanaonekana sawa.

Kwa upande mwingine, mkata mkonge wa mkataba alipata posho ya unga na mahali pa kulala. Hao ndio walioitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwakusanya wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani. Posho hiyo haikuonekana katika tarakimu ya mshahara, lakini tumboni ilionekana.

Mbiru: nani ahesabu kipato?

Swali la kipato cha mtu ndilo lililozaa mgogoro mkubwa zaidi katika historia ya Same. Mwaka 1944 utawala wa wenyeji, kwa baraka za serikali ya kikoloni, ulileta kodi ya kupanda kwa kipato, iliyojulikana kwa jina la mbiru. Kila mtu alipaswa kukadiriwa: ana mifugo mingapi, ana kahawa kiasi gani, anapata nini kwa kibarua. Kisha angetozwa kwa makadirio hayo.

Wapare walikataa. Mwezi Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani na kupiga kambi Same, yaliko makao makuu ya wilaya. Wanawake wa Usangi nao waliingia katika mapambano. Madai yao yalikuwa ya kibiashara kabisa: kodi iwe ya kiwango kimoja kinachojulikana, kwa sababu kipato cha mkulima hubadilika na mkadiriaji anaweza kupendelea au kukomoa. Mwaka 1947 serikali iliachana na mpango huo.

Fundisho lake halijachakaa. Kipato kilichoandikwa na mtu mwingine kwa kukisia si kipato, ni dai.

Mshahara ulipanda, mfuko ukashuka

Baada ya Uhuru, kipimo kilichotumika sana kikawa kima cha chini cha Serikali. Kwa wafanyakazi wa mijini kilikwenda hivi:

1972: Sh. 240
1974: Sh. 340
1975: Sh. 380
1980: Sh. 480
1981: Sh. 600
1984: Sh. 810

Juu nako kulibanwa. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kutoka Sh. 5,000 hadi Sh. 4,000 kwa mwezi. Pengo kati ya mishahara ya juu na ya chini lilipungua sana katika miaka iliyofuata.

Kwa tarakimu, basi, mtu wa chini alikuwa anapanda. Lakini katikati ya mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa na bei ya kilo moja ikaruka kutoka Sh. 2.50 hadi Sh. 8. Kabla ya hapo, mshahara wa Sh. 600 ulikuwa sawa na kilo 240 za sembe kwa bei ya Serikali. Baada ya hapo, mshahara mpya wa Sh. 810 ulikuwa sawa na kilo 101 tu. Nyongeza ilikuwa asilimia 35, hasara ikawa zaidi ya nusu.

Ni kweli kwamba sembe ya Sh. 2.50 mara nyingi haikuonekana dukani, na wengi waliinunua kwa walanguzi. Hata hivyo, sura ya hesabu haibadiliki. Aliyenusurika ni mwenye shamba. Mwalimu wa milimani aliyevuna mahindi na maharage yake hakuumia kama mwenzake mwenye mshahara ule ule aliyepanga chumba Same mjini na kununua kila kitu.

Nafasi za kazi nazo zilipungua. Uzalishaji wa mkonge nchini, uliofikia kilele cha tani kama 230,000 mwaka 1964, ulikuwa chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Miaka tisa na nusu bila kusogea

Karne hii kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa kazi. Amri ya mwaka 2013 iliweka Sh. 100,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo na Sh. 400,000 kwa mfanyakazi wa kampuni yenye leseni ya uchimbaji madini. Viwango vilivyofuata, Sh. 140,000 na Sh. 500,000, vilianza Januari 2023.

Kati ya Julai 2013 na Januari 2023 ni miaka tisa na nusu. Kama bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, Sh. 100,000 za mwanzo wa kipindi hicho mwishoni hununua kitu cha Sh. 69,000. Hakuna aliyetangaza kumkata mshahara kibarua wa shamba. Soko ndilo lililomkata.

Marekebisho mengine yalitangazwa mwaka 2025 ili yaanze Januari 2026, yakipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka Sh. 275,060 hadi Sh. 358,322.

La kuzingatia

Anayelinganisha malipo, ya zamani au ya leo, aulize mambo matatu. Malipo hayo ni ya siku ngapi za kazi? Yanaambatana na nini, kama vile chakula, nyumba au nafasi ya kulima? Na kwa bei ya wiki hii sokoni, yananunua kilo ngapi za sembe?

Mwajiri wa Same anayejibu maswali hayo kabla ya msimu wa kazi atajua mapema kwa nini vibarua wake watabaki au wataondoka. Mfanyakazi naye akiandika bei ya sembe pembeni ya mkataba wake siku anapotia sahihi, atakuwa na hoja siku ya kudai nyongeza.