Kwa nini mafuta yanaganda Njombe na alizeti haigandi

Mwezi wa sita na wa saba, si ajabu kukuta dukani Njombe mjini dumu la mafuta ya kula limegeuka jeupe. Muuza mafuta ya kupima anachota kwa kijiko badala ya kumimina, na mteja ananung'unika: haya si yamechakachuliwa haya? Dumu la alizeti lililo pembeni, kwenye baridi ileile, linamiminika vizuri tu. Mteja ana haki ya kuuliza, hela ni yake. Jibu liko kwenye jinsi molekuli zinavyovutana.

Ndani ya kimiminika chochote molekuli zinavutana kiasi cha kutotawanyika, ila zina joto la kutosha kuendelea kupishana. Mvutano ukiwa mkubwa, mnato unaongezeka, kuchemka kunakuwa kwa shida, na kwa kawaida hata kuganda kunawahi. Chukua maji na methani, gesi inayochimbwa Songo Songo. Molekuli zake zinakaribiana uzito, lakini methani inachemka nyuzi 161 chini ya sifuri, maji nyuzi 100. Tofauti hiyo inaletwa na bondi za haidrojeni: oksijeni ya molekuli moja ya maji inavuta haidrojeni ya jirani yake. (Hizo nyuzi 100 ni za Dar. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye 93 hivi. Ndiyo maana maharage yanakumalizia kuni.)

Mafuta hayana bondi hizo. Kinachoyashikilia ni mvutano dhaifu unaotokea pale elektroni za molekuli moja zinapoegemea upande mmoja kwa kitambo kidogo na kuzivuruga za jirani. Fritz London aliueleza mwaka 1930. Ni dhaifu, ila unajumlishika: minyororo mirefu ya kaboni ikilala pamoja, inagusana sehemu nyingi.

Hapo sasa umbo ndilo linaloamua. Asidi ya steariki na asidi ya oleiki zote zina kaboni 18. Ya kwanza imenyooka, inajipanga na wenzake kama mianzi iliyofungwa mzigo, na haiyeyuki mpaka nyuzi 69 hivi. Ya pili ina bondi maradufu moja katikati, mnyororo umepinda. Jaribu kufunga mzigo wa mianzi iliyopinda! Zinagusana kidogo, na kwenye nyuzi 13 au 14 tayari zimeyeyuka. Pindo moja tu, tofauti ya nyuzi zaidi ya 50.

Mafuta ya kupima mara nyingi ni ya mawese yaliyosafishwa, na asilimia 40 au zaidi ya minyororo yake imenyooka. Kwenye alizeti ni kama moja ya kumi. Dumu la mawese linatoka Dar likiwa maji kabisa. Usiku wa kwanza Makambako linaweza kupata ukungu. Likipanda kilomita 60 hivi hadi Njombe, ambako usiku wa kipupwe unashuka chini ya nyuzi 10, linakuwa uji, kisha mgando. Hakuna aliyelichezea. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu, litarudi kama lilivyokuwa.

Na ile hofu kwamba yataganda hivyohivyo kwenye mishipa? Mwili una nyuzi 37, na mafuta huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kuingia kwenye damu. Mafuta ya minyororo iliyonyooka yana mjadala wake kuhusu moyo, lakini hayo ni mambo ya lehemu, baridi ya Njombe haihusiki.

Mimi ningeanza kuuliza maswali pale dumu linalouzwa kwa bei ya alizeti linapoganda lote. Alizeti halisi inahitaji baridi ya nyuzi nyingi chini ya sifuri ili igande, na dukani Njombe hakuna baridi hiyo. Hapo kuna uwezekano mkubwa imechanganywa na mawese. Ikichanganywa kidogo, lakini, huenda isionekane kwa macho.

Usiichanganye hali hiyo na ukungu mwepesi kwenye alizeti iliyokamuliwa mashine za mtaani. Ule ni nta ya maganda ya mbegu, kiwandani huwa wanaichuja. Acha chupa itulie siku mbili tatu, itashuka chini.