Chupa ya Unyevu na Mashine ya Oksijeni ya Kubebeka: Inapofaa na Inapodhuru

Mgonjwa anayerejea nyumbani Bangwe akiwa na mashine ya oksijeni mara nyingi huanza kulalamikia pua kabla ya kulalamikia mapafu. Katika siku chache za mwanzo pua hukauka, huwasha, hujaa vigaga, na baadhi huona damu kwenye leso wakati wa asubuhi. Koo nalo hukwaruza. Mchana huvumilia kwa kuwa watu wa nyumbani wanamwona; usiku, wote wakishalala, huivua mirija puani na kuiacha juu ya mto ikivuma hadi alfajiri.

Kitendo hicho kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachoamua manufaa ya tiba. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 87 wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa ambao damu yao ilikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni. Kundi moja lilipewa oksijeni nyumbani kwa angalau saa 15 kila siku, usiku ukiwamo. Kundi la pili halikupewa. Wakati wa ufuatiliaji walifariki 19 kati ya 42 waliotumia oksijeni, na 30 kati ya 45 wasioitumia. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Amerika Kaskazini ulikuwa umeonyesha kwamba waliokaa na oksijeni karibu saa 18 kwa siku waliishi vizuri zaidi kuliko waliokaa nayo saa 12. Tafiti hizo hazikuwahusu watu waliobaki na makovu ya kifua kikuu mapafuni, ambao ni wengi katika kliniki za Tanzania, lakini madaktari huwatibu kwa kanuni hiyohiyo kwa kuwa upungufu wa oksijeni huudhuru moyo kwa njia moja. Mtu anayevua mirija saa sita za usiku kwa sababu ya pua kavu amejiondoa katika kundi lililofaidika.

Kwa hiyo hoja ya starehe ya pua ni hoja ya tiba. Jawabu la kwanza la ndugu wengi ni kutafuta chupa ya kuongeza unyevu, ile ya plastiki yenye maji ambamo oksijeni hupita ikitoa mapovu. Wameiona wodini, nao huamini kwamba mashine isiyo na chupa ina upungufu. Imani hiyo ina ukweli nusu.

Mashine ya kuzalisha oksijeni haina gesi iliyohifadhiwa ndani yake. Huvuta hewa ya chumbani, ambayo ina takribani asilimia 21 ya oksijeni na asilimia 78 ya naitrojeni, huikandamiza na kuipitisha katika chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti. Zeolaiti hunasa naitrojeni, na gesi inayotoka huwa na oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Zeolaiti hunasa pia mvuke wa maji. Ndiyo maana gesi hiyo hutoka ikiwa kavu hata kama nje mvua ya masika inanyesha ziwani.

Hata hivyo pua ya binadamu ndiyo chombo cha kwanza cha unyevu, na ni hodari. Hewa inapofika katika mapafu huwa imepashwa joto hadi nyuzi 37 na kila lita yake imebeba takribani miligramu 44 za maji. Tena mgonjwa havuti oksijeni peke yake. Katika pumzi ya nusu lita inayovutwa kwa sekunde moja, mashine iliyowekwa lita 2 kwa dakika huchangia takribani mililita 33. Hata kikiongezwa kile kilichojikusanya puani kabla ya pumzi, zaidi ya sehemu nane kati ya kumi ni hewa ya kawaida ya chumbani. Kinachokauka, basi, ni ile sehemu ndogo ya ngozi laini ya pua inayopigwa na gesi kavu mfululizo. Mapafu yenyewe hayakauki. Chupa nayo ina mipaka: maji yenye joto la chumba la nyuzi 25 hayawezi kuipa gesi zaidi ya miligramu 23 hivi kwa lita, yaani karibu nusu ya kile ambacho pua itakuja kukamilisha yenyewe.

Kutokana na hayo, miongozo mingi ya tiba haidai chupa ya unyevu kwa mtu mzima anayepata oksijeni ya kiasi kidogo kwa mirija ya puani. Hufikiriwa mtiririko unapozidi lita 4 kwa dakika kwa muda mrefu, au chini ya hapo ikiwa mgonjwa ana ukavu unaomtesa, damu puani au makohozi mazito yasiyotoka. Mgonjwa aliyetobolewa koo ili apumulie hapo ni habari nyingine kabisa. Kwake hewa haipiti puani, unyevu ni lazima, na chupa ya mapovu haitoshi. Anahitaji kifaa cha kupasha gesi joto na unyevu, au kichujio maalumu cha kutunza unyevu wa pumzi yake.

Suala gumu zaidi linahusu mashine za kubebeka begani, zinazotumia betri. Watu huzinunua ili mgonjwa aweze kwenda kliniki, msikitini au kanisani, au kupanda gari hadi hospitali ya Maweni bila kukokota mtungi. Nyingi kati ya hizo hazitoi oksijeni mfululizo. Ndani yake mna kihisi kinachongoja mvuto hafifu wa pumzi kupitia mrija. Pumzi ikianza, mashine hutoa mkupuo mmoja wa oksijeni, kisha hunyamaza hadi pumzi inayofuata. Ndivyo betri inavyodumu.

Chupa ya maji ikiwekwa kati ya mashine hiyo na pua, maji huukata ule mvuto hafifu. Kihisi hakijui kwamba mtu amevuta pumzi. Baadhi ya mashine hulia king'ora. Nyingine hujiendea kwa mikupuo ya kubahatisha, isiyolingana na pumzi, na mgonjwa hupata mkupuo wakati anapotoa hewa. Mfano wa kawaida ni mvuvi mstaafu ambaye kijana wake amemletea mashine ndogo kutoka ughaibuni na kumfungia chupa kwa nia njema. Pua inapata nafuu, lakini kipimo cha kidoleni kinashuka kutoka 91 hadi 84, na nyumba nzima inadhani ugonjwa umezidi. Hakuna kilichozidi, mashine imezibwa sikio.

Kanuni ni fupi: mashine inayotoa oksijeni kwa mikupuo haifungwi chupa ya unyevu. Zipo mashine za kubebeka zenye uwezo wa kutoa mtiririko wa mfululizo. Hizo huweza kufungwa chupa zikiwa katika hali hiyo tu, na ikiwa kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu. Inafaa pia kukumbuka kwamba namba 1 hadi 5 zilizoandikwa kwenye mashine ya mikupuo si lita kwa dakika. Namba 2 ya mashine moja haitoi kiasi sawa na namba 2 ya nyingine, wala hailingani na lita 2 za mashine kubwa ya chumbani, hivyo mgonjwa hupimwa kidoleni akiwa ameketi na akiwa anatembea kabla ya kupangiwa namba.

Mashine kubwa ya chumbani, inayokaa kando ya kitanda, hupokea chupa bila shida. Hapo hatari huhamia kwenye maji. Maji ya Ziwa Tanganyika karibu na Bangwe huwa maangavu siku ya shwari kiasi cha kuonekana mawe ya chini, na uangavu huo huwadanganya wengi. Maji maangavu yanaweza kubeba vijidudu. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kaskazini ya ziwa hilohilo, na kuua watu. Isitoshe, maji ya ziwa yana madini mengi ambayo hayatoweki kwa kuchemshwa, bali hubaki na kujenga ukoko mweupe kwenye kijirija cha mapovu. Yanayofaa zaidi ni maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, yanayopatikana kwenye maduka ya dawa. Yakikosekana, maji safi yaliyochujwa, yakachemshwa na kupoa katika chombo kilichofunikwa yanakubalika.

Kuna maji moja ya kuogopwa kuliko yote. Kile kinachouzwa gereji kwa jina la maji ya betri huweza kuwa maji matupu, lakini huweza pia kuwa tindikali ya salfuriki, na chupa zake hufanana. Hayaingii kamwe katika kifaa cha kupumulia.

Kiasi kinachotumika ni kidogo. Kwa lita 2 kwa dakika, gesi haiwezi kubeba zaidi ya mililita 70 hivi za maji kwa siku nzima, kama vijiko vinne au vitano vya chakula. Maji yakiisha kwa saa chache, kuna mahali yanavuja. Yasipopungua kabisa kwa siku mbili, huenda oksijeni haipiti ndani ya chupa. Maji ya zamani hayaongezewi mapya: kila siku humwagwa yote, chupa huoshwa kwa sabuni, husuuzwa na kukaushwa, kisha hujazwa hadi kati ya mistari miwili. Bakteria wapendao maji yaliyotuama hawahitaji zaidi ya chupa iliyosahauliwa wiki moja.

Mvujo wa oksijeni ndio kosa linalotokea sana na kuonekana mara chache. Kifuniko kikikaa upande kwenye hesi zake, mashine huonyesha lita 2 huku sehemu yake ikipotelea chumbani. Muuguzi anaweza kumfundisha ndugu wa mgonjwa majaribio mawili ya nusu dakika. La kwanza ni kukunja mrija unaotoka kwenye chupa: chupa nyingi zina vali ya usalama, na vali hiyo inapaswa kupiga mluzi. Kimya maana yake gesi imepata njia nyingine. La pili ni kutumbukiza ncha za mirija katika glasi ya maji safi na kuona kama mapovu yanatoka kwa nguvu ileile chupa ikiwapo na ikiwa imeondolewa. Mrija ukianza kuguguta, maji yamejikusanya ndani yake; huchomolewa puani na kukung'utwa kwanza. Chupa huondolewa kabla mashine haijahamishwa, kwa kuwa maji yakiingia kwenye mashine huharibu zeolaiti.

Kwa mgonjwa wa mashine ya mikupuo, na kwa wengi wa mashine kubwa pia, pua hutunzwa bila chupa. Maji ya chumvi ya kutonesha puani hutengenezwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Hutumika mara tatu au nne kwa siku na kutengenezwa mapya kila siku. Jeli isiyo na mafuta husaidia kwenye kingo za pua. Mirija laini, yenye ncha zinazopinda kuelekea ndani na chini, haichubui kama ile iliyokakamaa kwa kutumika miezi mingi.

Hapa Kigoma, nchi ya michikichi, lazima lisemwe wazi: mawese hayapakwi puani, wala mafuta mengine ya mgando. Mafuta na oksijeni huwaka kwa cheche ndogo, na mafuta yanayovutwa kidogokidogo hadi mapafuni huweza kuleta nimonia isiyosikia dawa za bakteria. Mashine na mgonjwa hukaa mita 3 au zaidi kutoka kwenye jiko, kibatari na sigara. Moshi wa kukaushia migebuka ni sababu nyingine ya kutafuta chumba cha upande wa pili wa nyumba, kwa kuwa mashine huvuta hewa iliyopo na chujio lake huziba.

Ukavu wa koo wakati mwingine hutafsiriwa kuwa ni uhaba wa oksijeni, na mtu hupandisha mtiririko kutoka lita 2 hadi 4. Pua hukauka zaidi, na kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambaye kwa kawaida hulengwa kubaki kati ya asilimia 88 na 92, hewa chafu ya kaboni huweza kujilimbikiza katika damu. Huanza na kichwa kuuma asubuhi, kisha usingizi usio wa kawaida na maneno yasiyoeleweka. Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na namba aliyokuwa amewekewa mashine huandikwa kwenye karatasi anayokwenda nayo.