Cheti Kisichodumu

Neno cheti, tulilolirithi kutoka lugha za Bara Hindi, limetuzoesha vibaya sisi walimu. Cheti cha shahada hutundikwa ukutani na hakuna anayekihoji hadi tunapozikwa. Cheti cha usalama cha seva ya baruapepe ni kingine kabisa: siku ya kutolewa ndiyo siku kinapoandikiwa tarehe ya kufa.

Kazi yake ni kuithibitishia kompyuta ya mwalimu kwamba seva anayoikabidhi nywila yake ndiyo ya chuo chake kweli, wala si ya laghai aliyejipenyeza njiani. Tarehe ikipita, programu ya barua hutoa onyo. Katika taasisi moja niliyoifahamu, wahusika walitushauri tubonyeze "endelea" tusijali. Hapo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Ishara inayopuuzwa kila siku hupoteza maana. Siku laghai atakapokuja na cheti bandia, mwalimu atabonyeza vivyo hivyo, na alama za mtihani zimo humo.

Madhara si ya kubuni. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Haikuwa seva ya barua, lakini funzo ni lile lile: kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake kilikwisha muda miezi mingi kabla, na wezi wakachota kwa siku 76.

Fauka ya hayo, umri wa vyeti unapunguzwa. Uamuzi wa 2025 uliweka ukomo wa siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Kalenda ya karani haitatosha. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na programu huvihuisha yenyewe. Kisingizio cha bajeti, basi, hakina mashiko.

Hata hivyo, faili jipya laweza kukaa diskini ilhali seva ingali imeshikilia la zamani kumbukumbuni, mpaka iamriwe kulisoma upya. Aidha, programu ya kusomea barua na ile ya kuzipeleka aghalabu ni mbili tofauti. Mlango 993 waweza kuonyesha tarehe mpya, huku 587 ukingali na cheti kilichokufa jana. Mkaguzi na abishe hodi kote kuwili, tena kutoka nje.